Maswali ya Wasomaji: Mbu wa Mchana, Kupe wa Ukutani na Paka wa Mji wa Kale

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka Mombasa na viunga vyake, na karibu zote zinalalamika jambo moja: dawa imepigwa, pesa zimetumika, na mdudu yupo palepale. Tumechagua tano.

*

SWALI: Sote nyumbani twalala ndani ya chandarua chenye dawa, hata wageni. Mwanangu wa miaka kumi amepatikana na dengi. Maji ya mfereji hayaji kila siku, kwa hivyo twanunua ya mkokoteni na kuyaweka kwenye mapipa matatu, na kila Jumapili nayamwaga yaliyobaki. Mbu huyu ametoka wapi? — Mama wa Kisauni

JIBU: Pole kwa kuuguza, mama. Chandarua chako hakina kosa, ila kinamkinga mwanao na mbu mwingine. Anofelesi, mbu wa malaria, huuma usiku watu wakiwa wamelala. Dengi na chikungunya huenezwa hasa na Aedes aegypti, mbu mweusi mwenye mabaka meupe miguuni, ambaye huuma mchana, zaidi saa chache baada ya jua kuchomoza na tena alasiri hadi magharibi. Wakati huo mtoto yuko darasani au uani, chandarua kimefungwa juu ya kitanda.

Shida yako iko ukutani mwa pipa. Jike la Aedes hatagi katikati ya maji. Hubandika mayai moja moja kwenye ukuta wa ndani, juu kidogo ya pale maji yanapofika. Mayai yakishakomaa hustahimili ukavu kwa miezi kadhaa. Ukimwaga maji na kulianika pipa, hayafi. Ukilijaza tena, maji yanayafikia na viluwiluwi wanatoka. Kwa joto la pwani, siku saba hadi kumi zatosha yai kuwa mbu anayeruka. Kwa hiyo kila Jumapili umekuwa ukimwaga maji na kuyaacha mayai.

Fanya hivi mara moja kwa wiki, usivushe siku ya saba. Tumia maji mpaka pipa likaribie kwisha, masazo yamwage kwenye mchanga mkavu. Sugua ukuta wote wa ndani kwa brashi ngumu na sabuni, ukikazia ule mstari maji yanapoachia na upande wa chini wa kifuniko. Kitambaa laini hakitoshi, kwa sababu mayai yamegandana na plastiki. Suuza, na maji ya kusuuzia yamwage ardhini pia. Ukiyamimina kwenye pipa jirani umehamisha mayai tu.

Vifuniko navyo vitazame upya. Kifuniko kilichopinda kwa jua, au kilichotobolewa kupitisha mpira wa maji, ni mlango. Kitambaa cha pamba kilichovutwa kikakaza, kisha kikafungwa kwa ukanda uliokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi, hufaa kuliko kifuniko kibovu. Kisilegee hadi kikagusa maji. Kama pipa haliwezi kumwagwa kabisa kwa shida ya maji, waulize maafisa wa afya ya umma dawa ya viluwiluwi iliyoidhinishwa kwa maji ya nyumbani. Temefosi ya chembechembe za asilimia 1, kwa mfano, huwekwa gramu 20 kwa pipa la lita 200, isizidi hapo. Usitie dawa ya kunyunyizia nyumba wala mafuta ya taa kwenye maji ya kunywa.

Kisha zunguka ua: tairi kuukuu, vifuu vya nazi na makaka ya madafu, sahani za chini ya vyungu vya maua, trei ya nyuma ya friji, na bomba la kumwagikia la tangi la juu ya paa, ambalo karibu kila mtu hulisahau. Lifunge kwa wavu wa matundu madogo. Aedes kwa kawaida haendi mbali na alipozaliwa, mara nyingi haivuki mita mia mbili, kwa hiyo aliyemuuma mwanao huenda alizaliwa kwenu au kwa jirani wa ukuta mmoja. Zungumzeni, msafishe siku moja.

Kupiga moshi wa dawa mtaani hupunguza mbu wanaoruka saa hiyo tu. Jike aliyeshiba hujificha chumbani, nyuma ya kabati na kati ya nguo zilizotundikwa, na mayai hayaguswi na moshi.

Kuhusu mgonjwa: damu yake hubeba virusi tangu siku moja au mbili kabla ya homa hadi siku ya tano hivi ya ugonjwa, na mbu atakayemuuma wakati huo ataweza kuambukiza baada ya siku nane hadi kumi na mbili. Kwa hivyo mlaze ndani ya chandarua mchana pia. Homa itulizwe kwa parasetamoli peke yake. Aspirini na ibuprofeni zinaongeza hatari ya kutoka damu. Na homa ikishuka, kati ya siku ya tatu na ya saba, usilegeze macho, kwani hapo ndipo dengi kali hujitokeza. Akiumwa sana na tumbo, akitapika mfululizo, fizi zikitoka damu, au akiwa mlegevu kupita kiasi, mkimbize hospitali saa hiyohiyo. Virusi vya dengi viko vya aina nne, na kupona aina moja hakumkingi mtu na nyingine. Maambukizi ya pili ndiyo huwa na hatari zaidi. Mombasa imepitia mlipuko wa dengi mwaka 2013 na wa chikungunya kuanzia mwisho wa 2017 hadi 2018, kwa hiyo walio na historia ya dengi mjini humu si wachache.

*

SWALI: Nina mbwa wawili wa ulinzi, Bamburi. Nawaogesha kwa dawa ya kupe, wanakuwa safi, baada ya wiki tatu wamejaa tena. Sasa kupe wanapanda hata ukuta wa sebule. Je, dawa ni bandia? — Baba wa Bamburi

JIBU: Bwana, inawezekana dawa ni nzima. Kupe wa kahawia wa mbwa, Rhipicephalus sanguineus, hukaa juu ya mbwa kwa sehemu ndogo tu ya maisha yake. Hula mara tatu: akiwa kitoto cha miguu sita, akiwa kijana wa miguu minane, na akiwa mzima. Kila akishiba hudondoka, hutafuta ufa, na kujibadilisha humo. Jike mzima akishashiba hupanda juu, hutaga mayai ambayo yanaweza kufika elfu nne, kisha hufa. Tofauti na kupe wengi wa porini, huyu anaweza kumaliza vizazi vyote ndani ya nyumba akimtegemea mbwa peke yake, na kupe mzima anaweza kukaa zaidi ya mwaka bila kula. Nyumba za pwani zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe yasiyopigwa lipu zimejaa matundu ya kumfaa. Unaowaona ukutani wametoka kula na wanatafuta pa kujificha.

Mbwa na nyumba vitibiwe siku moja. Kwa mbwa, dawa ya kuogeshea iitwayo amitrazi, ya asilimia 12.5, huchanganywa mililita 2 kwa lita moja ya maji. Mlowanishe hadi ngozini, ndani ya masikio kwa kitambaa na kati ya vidole, mwache akauke bila kumsuuza wala kujilamba, na urudie baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Wanaochanganya kwa kukisia ndio wanaosema dawa haifanyi kazi. Watoto wa mbwa walio chini ya miezi minne na mbwa mwenye kisukari wasiogeshwe kwa amitrazi. Daktari wa mifugo anaweza badala yake kutoa vidonge vya kumeza vya mwezi mmoja au vya wiki kumi na mbili. Ni ghali, lakini kila kupe anayeuma hufa, na nyumba yenye kupe wengi huhitaji hilo kwa miezi mitatu minne mfululizo.

Nyumbani, ziba nyufa kwa saruji, piga lipu banda la mbwa hadi juu, choma matandiko yao ya zamani, na nyunyizia dawa ya kupe kwenye nyufa za ukuta, fremu za milango na pembe za dari. Sakafu si muhimu sana. Ukiwa na paka, tahadhari: permethrini inayowekwa mgongoni mwa mbwa huua paka.

Kupe aliyeng'ata mng'oe kwa koleo ndogo karibu kabisa na ngozi, ukivuta taratibu moja kwa moja. Mafuta ya taa na kiberiti humfanya atapike ndani ya jeraha. Usimpasue kwa kucha. Na mbwa akikataa chakula, fizi zikipauka au pua ikitoka damu, mpeleke apimwe Ehrlichia canis, bakteria anayeletwa na kupe huyuhuyu. Doksisaiklini hutibu, ila hutumika kwa wiki nne kamili, na wengi huiacha mbwa anapoanza kula.

*

SWALI: Mkaza mwanangu ana mimba ya miezi mitatu. Hapa Mji wa Kale paka ni wengi, wanalala hata mlangoni. Jirani asema manyoya ya paka huharibu mimba, tuwafukuze. Ni kweli? — Bibi wa Mji wa Kale

JIBU: Shikamoo, bibi. Hatari ipo, lakini haiko kwenye manyoya. Kimelea kinaitwa Toxoplasma gondii, na wanyama wa jamii ya paka pekee ndio hutoa mayai yake kwenye kinyesi. Paka hukipata kwa kula panya au nyama mbichi, kisha hutoa mayai kwa wiki moja hadi tatu, kwa kawaida mara moja maishani. Kinyesi kibichi hakiambukizi: mayai huhitaji siku moja hadi tano kukomaa. Kwa hivyo kinyesi cha uani kiondolewe kila siku, na mtu mwingine asiye mjamzito. Chombo kimwagiwe maji yanayochemka, kwa sababu jiki haiyaui mayai haya.

Paka aliyelala mlangoni mwacheni alale. Mkaza mwana aangalie zaidi chakula, maana hapo ndipo wengi huambukizwa: mishkaki ambayo ndani bado ina wekundu, nyama inayoonjwa kabla ya kuiva, kachumbari na mboga zisizooshwa vizuri, na mikono iliyotoka kwenye udongo. Nyama iive mpaka ndani. Kibao na kisu cha nyama mbichi vioshwe kwa sabuni kabla ya kukatia nyanya.

Kinachodhuru mimba ni maambukizi ya mara ya kwanza yakitokea mama akiwa mjamzito. Aliyewahi kuambukizwa zamani, kwa kawaida mtoto wake yuko salama. Aulizie kipimo cha damu kliniki. Kikionyesha maambukizi mapya, dawa ya kumpunguzia mtoto hatari ipo, na ni bora ianze mapema.

*

SWALI: Baba yangu ana busha, na jirani yetu mguu umevimba matende. Wengine wasema ni madafu, wengine ni kurithi. Shimo letu la choo limejaa mbu. Na je, mbuzi wanaweza kueneza? — Kijana wa Likoni

JIBU: Madafu hayana kosa, na mbuzi pia. Matende na busha la namna hii huletwa na minyoo wa Wuchereria bancrofti wanaoenezwa na mbu. Hawana mnyama wa kuwafuga, huishi kwa binadamu tu. Hiyo ni habari njema, kwa sababu wakiisha kwa watu wameisha.

Minyoo wazima hukaa kwenye mishipa ya limfu kwa miaka kadhaa, wakitoa vijidudu, yaani watoto wao wadogo sana, vinavyojitokeza kwenye damu usiku, hasa kati ya saa nne na saa nane. Ndiyo maana damu ya kipimo cha darubini huchukuliwa usiku. Mjini, mbebaji ni Culex quinquefasciatus, mbu wa maji machafu. Ndani yake kijidudu hukua kwa siku kumi hadi kumi na nne, kisha hutoka mdomoni mwa mbu na kuingia kwenye tundu la kuumwa. Njia hii ni dhaifu, mtu huhitaji kuumwa mara nyingi sana kwa miaka. Kwa hiyo kupunguza mbu wa chooni kuna faida kubwa hata usipowamaliza.

Kama shimo lina maji, njia iliyothibitika ni punje za polistirini, zile nyeupe nyepesi za milimita mbili tatu. Zinaelea na kufunika maji: mbu hawezi kutaga, na viluwiluwi hawapati pa kutoa bomba lao la kupumulia. Makunduchi, Zanzibar, mwaka 1988, punje ziliwekwa vyooni huku wakazi wakipewa dawa ya minyoo, na mbu wakapungua kwa miaka. Tabaka la sentimita moja linatosha. Shimo lenye uso wa mita moja kwa moja huhitaji lita 10 za punje, yaani nusu mtungi wa maji. Zimwage kupitia tundu la choo, na uangalie kwa tochi kama zimeenea zote. Shimo kavu halihitaji chochote. Shimo linalofurika mvua za masika lisitiwe punje, zitasombwa hadi baharini. Hapo ziba nyufa za bamba, weka wavu juu ya bomba la hewa, na funika tundu.

Dawa za kampeni ya kutokomeza matende mezeni wote, hata asiye na uvimbe. Zinaua vijidudu vya kwenye damu kuliko minyoo wazima, kwa hivyo hurudiwa kila mwaka. Busha la baba hutibiwa kwa upasuaji, dawa peke yake haitalipunguza. Jirani aoshe mguu kila siku kwa sabuni, aukaushe vizuri hasa kati ya vidole, auinue anapoketi, na atibu kila mkwaruzo mapema. Homa za ghafla zinazoongeza uvimbe huanzia kwenye mikwaruzo hiyo.

*

SWALI: Baada ya kucheza ufuoni, mguu wa binti yangu umetoka mstari mwekundu unaotambaa na kumuwasha usiku. — Mama wa Nyali

JIBU: Ni mabuu ya minyoo ya mbwa au paka. Mayai hutoka na kinyesi, mabuu hukomaa kwenye mchanga wenye unyevu na kivuli kwa muda wa wiki moja hivi, kisha hupenya ngozi tupu. Kwa binadamu hayana uwezo wa kuingia ndani zaidi, kwa hivyo hutangatanga chini ya ngozi, milimita chache hadi sentimita moja mbili kwa siku. Usichome wala kupaka barafu: buu limeshatangulia mbele ya mstari unaouona. Daktari atampa ivermektini ya mara moja kwa kipimo cha uzito, au albendazoli ya siku kadhaa. Ivermektini haipewi mtoto aliye chini ya kilo 15. Watoto wacheze pale mawimbi yanapofika na kurudi. Mchanga wa juu, chini ya minazi, ndio wa kuvalia kandambili. Mwenye mbwa ampe dawa ya minyoo kila miezi mitatu, na aokote kinyesi chake kabla ya kuondoka ufuoni.