Maswali ya Wasomaji: Freddie Mercury nje ya Queen

Nimenunua CD ya Mr. Bad Guy, albamu ya Freddie ya peke yake. "Living on My Own" iliyomo haina ule mdundo wa disko niliouzoea. Nimeuziwa feki? (Msomaji, Unguja)

Hapana, hiyo uliyo nayo ndiyo ya asili. Wimbo huo ulipotoka kama singo mwaka 1985 uliishia nafasi ya 50 Uingereza. Mwaka 1993, Freddie akiwa ameshafariki, kundi la No More Brothers liliichukua sauti yake, likaiwekea mdundo wa disko wa aina ya haus, na wimbo ukapanda hadi namba 1. Huo ndio uliopigwa kwenye kumbi za disko na redioni, na wengi hawajui kama kuna mwingine uliotangulia.

Siku nyingine, kabla hujatoa pesa, geuza jalada uhesabu nyimbo. Albamu ya 1985 ina 11: kwenye santuri, 5 upande wa kwanza na 6 upande wa pili. Inaanza na "Let's Turn It On" na kumalizia na "Love Me Like There's No Tomorrow". Zikizidi hapo, kuna matoleo marefu yaliyoongezwa. Jalada likisema The Freddie Mercury Album, huo ni mkusanyiko wa 1992 wenye nyimbo zilizochanganywa upya. Lipo pia toleo la 2019: kanda ni zile zile, lakini miksi (jinsi sauti na ala zilivyochanganywa) ni mpya. Ni safi, na sauti ya Freddie imesogezwa mbele. Lakini ukitaka kusikia kazi aliyoikubali yeye mwenyewe pamoja na mtayarishaji mwenzake, Reinhold Mack, shika miksi ya 1985.

Mbona Mr. Bad Guy haisikiki kama Queen, bendi yake, na mwimbaji ni yule yule? (Msomaji, Nairobi)

Kwa sababu waliokaa nyuma yake ni watu wengine. Albamu ilirekodiwa katika studio za Musicland mjini Munich. Ngoma zilipigwa na Curt Cress, gitaa na Paul Vincent, besi na Stephan Wissnet, na vinanda vya umeme na Fred Mandel akishirikiana na Freddie. Katika Queen, gitaa la Brian May hujibizana na mwimbaji karibu kila ubeti. Hapa kazi hiyo vimepewa vinanda, gitaa likabaki kikolezo tu. Katika wimbo uliobeba jina la albamu kuna okestra nzima. Wanaoiponda albamu hii kwa kukosa gitaa wanaidai kitu ambacho haikukusudia kutoa.

Jaribu hivi. Sikiliza "Made in Heaven" ya 1985, kisha ile ya Queen ya 1995, iliyomo katika albamu yenye jina hilo hilo. Sauti ya kuimba ni ile ile ya 1985. Wenzake watatu waliiondolea ala za Munich, wakaiwekea zao. Fanya vivyo hivyo kwa "I Was Born to Love You". Tumia hedifoni, maana spika ya simu hula besi, na bila besi nusu ya tofauti hutaisikia. Halafu sawazisha sauti kwa mkono kabla ya kulinganisha: rekodi ikiwa na sauti ya juu kidogo tu, sikio huidhania ni bora. Wengi hukosea hapo, kisha wakatoa hukumu.

Wala Freddie hakuwa wa kwanza kutoka kivyake. Roger Taylor, mpiga ngoma, alimtangulia kwa Fun in Space, mwaka 1981.

Barcelona nayo ni albamu yake ya peke yake? (Msomaji, Muscat)

Ni ya wawili: yeye na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera wa Hispania, 1988. Ukinunua, tazama mwaka. Ya kwanza ina vinanda vya umeme vingi. Ya 2012 imewekewa okestra kamili.

Santuri yangu ya Mr. Bad Guy ina ukungu na inakwaruza. Niifanyeje? (Msomaji, Tanga)

Usiipige kwanza, ukungu ukiburutwa na sindano hukwangua mifereji, ile mistari inayobeba sauti. Chukua lita 1 ya maji yasiyo na chumvi, yale ya kuongezea kwenye betri ya gari (angalia usije ukachukua asidi), utie matone 2 au 3 ya sabuni ya vyombo. Maji ya bomba au ya kisima ya pwani huacha chokaa ndani ya mifereji, na chokaa hiyo ndiyo itakayokwaruza baadaye. Lowesha kitambaa laini, futa ukifuata mzunguko wa mifereji, usikate katikati. Lebo isiguse maji. Suuza kwa maji yale yale yasiyotiwa sabuni, isimamishe kivulini mpaka ikauke kabisa.

Mfuko wa ndani wa karatasi utupe, ukungu umo humo. Jalada lipanguse kwa kitambaa kikavu, nje ya nyumba. Kisha angalia sindano: uzito unaoikandamiza kwenye santuri uwe ule ulioandikwa na mtengenezaji, mara nyingi kati ya gramu 1.5 na 2. Ikiwa nyepesi mno, huruka na kuharibu mifereji kuliko ikizidi kidogo. Weka santuri wima, mbali na dirisha la jua. Ikishapinda ni shida kuinyoosha.