Ukiona nobody, usikimbilie chown

Wadogo zangu wa zamu, tena? Seva ni FreeBSD, mashine za ofisi ni Linux zinazosoma mafaili yake kwa NFS (njia ya kushiriki mafaili mtandaoni), safu ya mwenye faili kwenye `ls -l` imejaa nobody, yaani mtumiaji asiye mtu, juu hadi chini, na mtu keshaandika `chown -R` kubadili mwenye wa mafaili yote. Toa mkono kwenye kibodi.

1. Nobody si mwenye faili. NFSv3, toleo la 3, ilituma UID (namba ya mtumiaji) kama namba tupu. NFSv4 hutuma maandishi, ama `asha@mfano.lan` ama "1004". FreeBSD yenye nfsuserd (programu inayogeuza UID kuwa majina) hutuma jina na domeni, ile sehemu iliyo baada ya @. Domeni isipolingana na iliyo kwenye `/etc/idmapd.conf`, faili la mipangilio kwenye Linux, basi Linux inabandika nobody na kunyamaza. Lakini kwa `sec=sys` (ulinzi wa kawaida wa NFS) ruhusa hupimwa kwa UID iliyo ndani ya ombi la RPC, yaani ombi ambalo mashine huipelekea seva, ndiyo maana Asha anaendelea kuandika kwenye faili lake ambalo eti si lake.

Sasa tazama shimo tunavyolichimba. `chown` inagoma kwa sababu seva imembana root, msimamizi mkuu wa mashine. Mtu anaongeza `-maproot=root` kwenye exports ya seva (orodha ya folda inazoshirikisha) ili root asibanwe. Inagoma tena, Invalid argument, maana domeni bado hazielewani. Basi anaingia kwenye seva yenyewe na kuyapa mafaili yote mwenye mmoja. Hapo ndipo UID zinapotea kweli. Mwanzo zilikuwa salama kabisa! Unasema nakala rudufu ipo? Kama rsync (programu ya kunakili mafaili) ya usiku huvuta kupitia Linux, nayo imejaa 65534, namba ya nobody.

Anza na `ls -n` kwenye seva. Namba zikiwa sahihi, data haina ugonjwa. Linganisha domeni (`nfsuserd -domain`), kisha `nfsidmap -c` kwenye Linux kufuta kumbukumbu ya zamani. Au tumia namba tupu: kwenye FreeBSD `vfs.nfs.enable_uidtostring=1` na `vfs.nfsd.enable_stringtouid=1`, mradi UID zifanane kila mashine.

2. Ukiandika `V4: /data` kwenye exports, njia ya v4 huanzia hapo: v3 inamaunti (inaunganisha folda ya seva) `/data/miradi`, v4 inamaunti `/miradi`. Maunti ikigoma, kabla ya kulaumu faya-wali, soma `nfsstat -m` ujue mmekubaliana toleo gani la NFS.

3. Mac ikiambiwa Operation not permitted na seva ya Linux, ni kwamba imetoka kwenye poti ya juu ya 1023: weka `resvport` kwenye amri ya kumaunti ya Mac ili itumie poti ya chini. Na `insecure` kwenye exports, inayoruhusu poti hizo za juu, usiiweke, hata kama ndiyo jibu la kwanza utakalolikuta mtandaoni.