Kwa mwanangu aliyeniuliza apunguze wapi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako niliipata Jumapili baada ya ibada, nikaisoma mara mbili kabla ya kupika. Unasema kituo cha sanaa cha mtaa huko Nakuru, ambako umekuwa mratibu msaidizi kwa miezi minne sasa, kiliomba shilingi 300,000 za tamasha la siku moja na kimeidhinishiwa 180,000 tu. Mkuu wako anataka bajeti mpya Ijumaa, na amependekeza malipo ya wacheza ngoma na wachoraji yakatwe nusu kwa kuwa fulana na mahema vimekwisha kuagizwa. Nawe unaniuliza: "Mama, nipunguze wapi, na nitawatazamaje wasanii wenzangu usoni?"

Usiguse malipo ya wasanii. Watu thelathini kwa shilingi 3,000 ni 90,000, na hizo ziandike mstari wa kwanza wa bajeti, juu ya kila kitu kingine, ili yeyote atakayetaka kupunguza aanze na yaliyo chini yake. Tena ule mstari ulioandikwa "posho" ubadilishe uwe "malipo ya wasanii". Posho humfanya mtu aonekane amesaidiwa, na msaada ni rahisi kupunguzwa. Mwenye mahema hakuna anayemwandikia posho.

Nitakueleza kwa nini nasema hivi bila kusitasita. Kabla hujazaliwa nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha Isukuti, ngoma yetu ya jadi, hapa Shinyalu, Kakamega, na yako mambo ya kikundi kile ambayo sijawahi kukusimulia. Ofisi moja ya Kisumu ilitualika tuwatumbuize wageni wake, ikaahidi kwa mdomo kwamba tungelipwa siku hiyo hiyo, nami nikawaahidi wenzangu vivyo hivyo, kwa mdomo. Ngoma za Isukuti hupigwa tatu pamoja, kubwa, ya kati na ndogo, na mzee aliyekuwa akiipiga ile kubwa ndiye pia aliyezijua nyimbo nyingi kuliko sisi sote: za harusi, za mazishi, za mtoto aliyezaliwa. Siku hiyo alikuwa amemlipa kijana wa jirani amchungie ng'ombe. Tulicheza tangu asubuhi, na jioni tukaambiwa hundi haijatiwa sahihi. Nikagawa nauli kutoka katika akiba ya kikundi, nikawaomba wenzangu wasubiri hadi Jumatatu. Jumatatu hiyo ilifika baada ya miezi mitano, na pesa zenyewe zilikuwa pungufu ya zile tulizoahidiwa.

Nilimpelekea mzee fungu lake nyumbani. Alilipokea kwa mikono miwili, akanikaribisha chai, akaniuliza habari za nyumbani. Hakurudi tena mazoezini. Hakugombana na mtu; kila tulipomtumia ujumbe alijibu kwamba ana kazi shambani, na ilikuwa kweli, kwa maana shamba lilikuwa likimlipa. Vijana wawili waliokuwa wakijifunza kwake walibaki na mapigo ya ngoma, lakini nyimbo nyingi hawakuzipata, na alipofariki tulimzika kwa zile chache tulizozikumbuka. Mwaka 2014 UNESCO, shirika la utamaduni la Umoja wa Mataifa, ilipoiweka Isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura, ilieleza kwamba wajuzi wengi ni wazee na kwamba fedha za kutengenezea ala na maleba zimekuwa haba. Nilipoisikia habari hiyo nilimfikiria yeye. Waliotualika ndio waliochelewesha, lakini ahadi ilitoka kinywani mwangu, na daftari lilikuwa mkononi mwangu.

Sasa tuje kwenye hesabu yako, maana umenitumia bajeti ya kwanza na nimeipitia kwa kalamu. Unatakiwa kuondoa 120,000. Fulana mia moja ni 60,000: ziondoe zote. Mkuu wako anasema zimeagizwa, lakini kuagiza si kulipa. Mpigie mwenye kuchapisha leo, umuulize kama amepokea malipo ya awali na kama ameanza kazi, na kama bado, ahirisha kwa maandishi. Mahema na viti ni 45,000. Baki na 15,000 za viti peke yake, kisha uombe ukumbi. Katiba ya 2010 iliziweka shughuli za utamaduni na burudani za umma chini ya serikali za kaunti, kwa hiyo barua ya kuomba ukumbi wa kijamii bila malipo si ombi la ajabu kwa ofisi ya utamaduni, na ofisi isiyo na fedha taslimu mara nyingi huwa na ukumbi. Katika barua hiyo wakumbushe kwamba tangu 2021 Nakuru imo katika mtandao wa UNESCO wa miji bunifu, kwa upande wa ufundi na sanaa za jadi. Jina hilo wamelipokea kwa furaha, na tamasha lako ni nafasi ya kulifanyia kazi. Ipeleke mwenyewe, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Vipaza sauti vikodiwe kwa nusu siku, uokoe 10,000. Mabango ya 25,000 yafanye yawe 5,000 za rangi na kamba, uyachore kwa mkono wako. Chakula na usafiri viache kama vilivyo. Jumlisha, utapata 180,000 kamili.

Umeandika pia, mwishoni na kwa haraka, kwamba unaogopa kazi ya ofisi itakuondoa kwenye uchoraji. Jitengee asubuhi mbili kwa juma, umwambie mkuu wako ni zipi, na uanze na hayo mabango.

Liko jambo moja ambalo bajeti haitalionyesha. Kila msanii apewe karatasi moja kabla ya siku yenyewe, yenye jina lake, kiasi atakacholipwa, nauli ikiwa peke yake, na tarehe ya malipo, nayo itiwe sahihi na pande zote mbili. Usiweke tarehe yoyote mpaka umemuuliza mfadhili fedha zitaingia lini, na kama ni fedha za kaunti, kumbuka kwamba mwaka wao wa fedha hufungwa tarehe 30 Juni. Kinachosukumwa kupita siku hiyo huweza kuchukua muda mrefu. Fomu ya mahudhurio isitumike kuwa risiti, na mtu asitie sahihi mbele ya kiasi ambacho hajakipokea, hata mkuu wako akisema ni utaratibu tu. Ukilipa kwa M-Pesa, gharama ya kutuma itoke kwa kituo, na nambari uzihakikishe na wenyewe, kwa sababu wazee wengi hutumia simu za wajukuu, na pesa ikishafika kwa mjukuu huwezi kuidai tena kwa heshima.

Mkuu wako usimshambulie. Mwonyeshe bajeti zote mbili, yake na yako, kisha umuulize tamasha lipi linaweza kufanyika: lisilo na fulana, au ambalo wapiga ngoma wake hawakutokea. Akikataa, mwombe aandike kwa jina lake kwamba malipo yamekatwa, na wewe uwaarifu wasanii kabla ya siku, ili anayetaka kujitoa ajitoe mapema. Hapo utawatazama usoni.

Kitambaa cha mabango usinunue. Ninayo ile amerikani iliyobaki tulipotengeneza mapazia ya kanisa, yapata mita kumi na mbili, na kaka yako anapita Nakuru Jumatano. Mpigie mkubaliane mtakapokutana.

Mama yako