Unataka kutengeneza pachi za mpira kwenye simu? Soma hii kwanza

Juzi kuna dogo kanitumia meseji, anasema kaona jezi za Simba na Yanga nilizotengeneza za PES, ile gemu ya mpira ya Konami, ya kwenye PPSSPP, yaani emuleta, programu inayochezesha gemu za PSP (kile kigemu cha mkononi cha Sony) kwenye simu, kazielewa sana, sasa na yeye anataka aanze kutengeneza pachi, yaani mafaili ya kubadilisha muonekano wa gemu, simu yake ina RAM ya GB 2, aanzie wapi, na je kuna hela? Nikaanza kumjibu inbox nikaona jibu linakuwa refu, bora niliweke hapa maana sio yeye peke yake, nusu ya mnaonisoma mnataka hiki hiki, msinifiche.

Kuna watu hunicheka, eti bado upo na gemu za PSP. Nipo ndio. Konami walivyoizika PES mwaka 2021 wakaleta eFootball, ile ya kompyuta siku za mwanzo watu waliiponda pale Steam, duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, mpaka aibu, wachezaji wana nyuso za kutisha, mwendo wa ajabu ajabu. Baadaye wakarekebisha, sawa, lakini hata ya simu inataka intaneti na kila mara ina masasisho, sasa wewe unayenunua bando la siku utaliweza hilo? PPSSPP haikuombi kitu. Aliianzisha Msweden mmoja anaitwa Henrik Rydgård, ipo tangu 2012, ni ya bure na msimbo wake uko wazi. Lile toleo la Gold unalipia kumuunga mkono jamaa tu, ndani ni ile ile, kwahiyo anayekuambia Gold inaongeza spidi anakupiga.

Haya, kazi yenyewe. Kwenye mipangilio ya PPSSPP unaingia Developer Tools unawasha Save new textures, unaanzisha mechi, unacheza kidogo halafu unatoka. Fungua folda ya PSP, ingia TEXTURES, kuna folda yenye namba ya gemu yako na ndani yake kuna nyingine imeandikwa new. Humo ndio utakuta tekscha, yaani zile picha zinazobandikwa juu ya wachezaji na uwanja, ziko kibao, majina yake herufi na tarakimu tupu, huku nyasi, huku mabango ya matangazo, huku mashabiki wamebanana kwenye kapicha kamoja kama dagaa. Jezi utaijua tu, imefumuliwa ikatandazwa, kifua upande huu mgongo upande ule, mikono imelala pembeni peke yake. Unaichora upya, unaweza kuikuza mara mbili au mara nne, ila jina la faili usiguse hata herufi moja, ukiligusa gemu haiioni. Ukimaliza unaitoa kwenye new unaiweka folda ya nje yake, unazima Save, unawasha Replace textures. Katikati hapo kuna habari za textures.ini na mambo mengine ya kuchosha, nayaruka, utayajua yakikukuta.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike kwa uchungu. Mwaka 2023 Yanga walifika fainali ya Shirikisho, wakafungwa 2-1 Kwa Mkapa, wakaenda kushinda 1-0 kule Algiers na bado kombe likabaki kwa USM Alger kwa mabao ya ugenini. Mtaani kila mtu akawa anataka kuirudia ile mechi kwenye simu yake wampe Yanga haki yake. Mimi ni Simba, damu kabisa, lakini nilikesha nachora jezi za watani, ya nyumbani, ya ugenini, mpaka ya kipa, kola imekaa, kivuli cha mkunjo kwenye bega kipo, aisee niseme tu ukweli ilikuwa kazi nzuri kuliko nyingi mnazozisifia. Nikaitoa bure.

Haikuchukua muda naikuta kwenye grupu moja kubwa la Telegram, admini kabadilisha picha ya mwanzo kaweka jina lake, kaifunga kwenye zip yenye paswedi, paswedi anaiuza buku mbili. Nilijuaje ni yangu? Kwapani kushoto kwenye ile jezi ya kijani niliacha kanukta kekundu, kachokozi ka Mnyama, huwezi kukaona mpaka ufungue faili lenyewe ulivute karibu. Kalikuwepo. Nikauliza pale kwenye grupu kwa upole kabisa, nikawekewa vikatuni vya kucheka halafu nikatolewa. Watu niliowasaidia humo, mmoja mmoja, usiku, simu zao zinagoma, hakuna aliyefungua mdomo. Hiyo bado inaniuma, sitajifanya imeisha.

Kuna aliyenifuata akaniambia na wewe si umechukua gemu ya Konami, unalialia nini. Hoja anayo kidogo. Ila mimi gemu siigawi, gemu kila mtu ajue alikoitoa, natoa picha nilizochora kwa mkono wangu na sijawahi kumchaji mtu. Kuchora kitu cha juu na kuuza jasho la mwenzio sio kosa moja hata uzungushe vipi.

Kwahiyo dogo, weka alama yako ndani ya kazi, sehemu ambayo mwizi hawezi kuifikiria. Na yale magrupu ya watu elfu usiyakimbilie, huko wanaotengeneza ni wachache, waliobaki wanaandika "link plz" na "bro hii inakubali Itel". Tafuta watu wachache wenye simu dhaifu, uwatumie kabla hujaitoa, wakuambie inagoma wapi. Mimi ninao wanne, mmoja yuko Mombasa na ni mkali kuliko mwalimu wa hesabu, jezi ya Azam alinirudishia mara kibao kisa rangi ya bukta. Hao ndio jamii. Nyinyi vijana mnapenda wingi, mnapenda kuonekana, kazi hamfanyi, halafu mnashangaa hamfiki popote, tulieni mchore.

RAM ya GB 2 inatosha. Skrini ya PSP ilikuwa 480 kwa 272 tu, kwahiyo ukubwa wa picha kwenye PPSSPP weka 1x au 2x usijifanye una flagship, simu ya bei mbaya, na jezi zako usizikuze kupita kiasi maana tekscha kubwa ndio zinajaza RAM simu inaganda dakika ya 80 unaongoza. Pia kwenye Android za sasa emuleta inakuuliza uchague folda, chagua ukijua umechagua ipi, wengi wanaolalamika jezi hazitokei wameweka pachi folda moja na emuleta inasoma nyingine.

Hela, mimi kwenye pachi sijapata. Ila timu moja ya ndondo hapa mtaani waliona zile jezi wakaniomba niwachoree za kwao, zikachapwa kweli Kariakoo, na hiyo walinilipa. Ukimaliza ya kwanza nitumie niijaribu, hata iwe ya timu ya kijijini kwenu, ila ukiniletea zip yenye paswedi nakublok.