Viungo vya kubofya kwenye majedwali ya ripoti: jinsi ya kuvijenga visivunjike

Ripoti ya mauzo inayotoka tawi la Mbale kwenda ofisi kuu Kampala huwa na namba za ankara, majina ya wateja na shilingi. Anayeisoma akitilia shaka mstari mmoja, simu zinaanza: ankara iko wapi, nani alipokea mzigo, nitumie picha kwa WhatsApp. Kiungo ndani ya jedwali humpeleka moja kwa moja kwenye hati yenyewe. Lakini kiungo kibovu kina hasara kuliko kutokuwa nacho kabisa, kwa sababu msomaji akibofya viwili visifunguke, hagusi tena safuwima nzima. Kubandika kiungo ni kazi ya dakika moja. Kazi ngumu ni kukifanya kiendelee kufanya kazi ripoti ikipangwa upya, ikinakiliwa na kutumwa.

Acha kubandika kimoja kimoja kwa Ctrl+K, vitufe vya kuweka kiungo kwenye Excel au Google Sheets. Kwa mistari kumi utamaliza, kwa mia tatu utakosea, na mwezi ujao utaanza upya. Tumia safuwima mbili: moja ya anwani tupu, nyingine ya kubofya. Tuseme namba ya ankara iko A2 na anwani iko F2. Fomula ya kubofya ni hii:

=IF(F2="","",HYPERLINK(F2,A2))

Sehemu ya IF ni ya lazima. Bila hiyo, ankara ambayo bado haijaskaniwa itaonekana kama kiungo kizima, na msomaji atabofya pasipo na kitu. Maandishi ya kubofya yawe namba ya ankara. Mistari mia tatu inayosema "bofya hapa" haimwambii mtu chochote. Safuwima F unaweza kuificha, lakini usiifute: atakayenakili jedwali na kulibandika kama thamani tupu atabaki na namba za ankara bila anwani, na faili likihifadhiwa kama CSV (maandishi matupu yasiyo na fomula) hali ni hiyo hiyo. Vilevile, VLOOKUP, fomula ya kutafuta thamani kwenye jedwali jingine, ikisoma seli yenye HYPERLINK huleta maandishi tu, anwani haiji. Itafute kwenye F.

Anwani ya F inatoka wapi? Inategemea hati zinakaa wapi. Kama ziko kwenye seva ambako jina la faili ni namba ya ankara, iunganishe tu: ="https://hati.example.com/ankara/"&A2&".pdf". Google Drive haikubali njia hiyo, kwa sababu kila faili hupewa kitambulisho chake cha herufi za kubahatisha ambacho hakihusiani na jina la faili. Hapo unahitaji karatasi ya pili, uiite Hati, yenye namba ya ankara kwenye A na kiungo cha Drive kwenye B. Kisha F2 iwe =IFERROR(VLOOKUP(A2,Hati!A:B,2,FALSE),""). Karani anayeskani ajaze mstari huo papo hapo anapopakia faili, asingoje mwisho wa mwezi. Kiungo kinachoanza na C:\Users usikiweke kamwe, maana kinafunguka kwenye kompyuta moja tu.

Sasa namba zenyewe. Kampuni nyingi huandika ankara kwa mtindo wa INV/2024/0153. Ndani ya anwani, kila mkwaju huhesabiwa kuwa folda mpya, kwa hiyo kompyuta itatafuta folda INV, ndani yake folda 2024, na haitaona kitu. Badilisha mkwaju kuwa kistari kwa SUBSTITUTE(A2,"/","-"), na majina ya faili yafuate mtindo huo huo. Alama ya # ni hatari zaidi: kila kinachofuata baada yake hakifiki kwenye seva. Ukipitisha jina la mteja kama "Okello & Sons" kwenye anwani ya utafutaji, alama ya & itakata jina katikati, na utafutaji utaleta kila Okello aliyemo. Fomula ya ENCODEURL, ikizungushiwa jina au namba inayoingia kwenye anwani, hurekebisha hayo yote kwenye Excel ya Windows na kwenye Google Sheets. Penye namba ndefu, fanya seli kuwa maandishi kabla ya kubandika, kwa sababu Excel hutunza tarakimu 15 tu za namba na zinazozidi huzigeuza sifuri. Kiungo kitaonekana sahihi, ila kitafungua hati nyingine au kisifungue kabisa.

Kwa ripoti ya madeni, kiungo chenye faida kuliko vyote ni cha WhatsApp, kwa sababu mkusanya madeni anasoma ripoti akiwa na simu mkononi. Anwani ya wa.me hutaka namba yenye 256 mbele, yaani msimbo wa Uganda, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Shida ni kwamba namba za wateja huandikwa kila namna: 077 kwa nafasi, +256, au 77 tu kwa sababu Excel imekula sifuri. Zote zina tarakimu tisa za mwisho zilizo sawa, basi shika hizo:

="https://wa.me/256"&RIGHT(SUBSTITUTE(D2," ",""),9)

Seli yenye namba mbili zilizotenganishwa kwa mkwaju itatoa ya pili pekee. Mteja wa Kenya au Rwanda haifai kumpa 256 kwa lazima, kwa hiyo weka safuwima ya msimbo wa nchi kama unauza ng'ambo ya mipaka ya Busia au Katuna.

Viungo vya ramani ni rahisi: "https://www.google.com/maps/search/?api=1&query="&G2&","&H2, ambapo G ni latitudo na H ni longitudo. Ila Ikweta inapita katikati ya Uganda, na hapo ndipo ripoti nyingi huharibika. Mbarara iko kusini ya Ikweta, karibu -0.607 na 30.655. Karani akiangusha ile alama ya kutoa, pini inaruka kilomita zaidi ya mia moja kaskazini na kutua jirani na Kyenjojo. Dereva atafunga safari kwenda mji usiohusika kabisa, na hakuna kosa lolote litakaloonekana kwenye jedwali. Weka safuwima ya wilaya kando, kisha kagua: wateja wote wa Mbarara na Masaka wawe na latitudo hasi, wa Gulu na Arua iwe chanya.

Kama ripoti iko Power BI, programu ya ripoti ya Microsoft, chagua safuwima ya anwani, nenda "Column tools", kwenye "Data category" chagua "Web URL". Jedwali sasa litaonyesha anwani ndefu inayobofyeka, jambo linaloharibu ukurasa. Ili namba ya ankara yenyewe ndiyo ibofyeke, fungua sehemu ya "Cell elements" kwenye mipangilio ya jedwali, chagua safuwima ya ankara, washa "Web URL", kisha bonyeza kitufe cha fx na uonyeshe safuwima ya anwani. Ya anwani unaweza kuiondoa kwenye jedwali, na viungo vitaendelea kufanya kazi.

Ruhusa ndizo huleta ugomvi ofisini. Kiungo kinafunguka kwako kwa sababu faili ni lako, kwa meneja kinadai aombe ruhusa, na mtu mwenye haraka hubadilisha folda nzima kuwa "Anyone with the link". Usifanye hivyo kwa ankara zenye majina na namba za simu za wateja. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019, na ripoti iliyosambazwa kwenye kundi la WhatsApp haina anayeweza kuirudisha. Ipe folda ruhusa ya kusoma kwa barua pepe za wahusika tu.

Ukitoa PDF kutoka Excel, tumia "Save As" na uchague PDF, kisha bofya viungo vichache uhakikishe vinafunguka. Njia ya kuchapisha kwa "Microsoft Print to PDF" hubakiza maandishi ya bluu yasiyobofyeka. Faili la Excel lililotoka kwenye barua pepe hufunguka kwa ulinzi, na viungo vya fomula havifanyi kazi mpaka mpokeaji abonyeze "Enable Editing". Mwandikie sentensi hiyo kwenye barua unayotuma.

Kabla ya kutuma, fungua ripoti kwenye simu iliyoingia kwa akaunti isiyo yako, kwa data ya kawaida, si kwa Wi-Fi ya ofisi, maana anwani za seva ya ndani hufanya kazi pale pale ofisini tu. Bofya mstari wa kwanza, wa mwisho, wenye jina lenye alama ngeni na ule wa mteja ambaye hati yake bado haijaskaniwa. Huo wa mwisho, kama unatumia karatasi ya Hati, seli yake inapaswa kuwa tupu.