Jina lako likitafutwa mtandaoni, linakuja na nini?

Moja ya kazi zangu ni kusaidia kuajiri watu kwenye kampuni ndogo hapa Dar es Salaam. Maombi yakiingia tunachambua vyeti, tunabaki na majina machache, halafu kabla ya kumpigia mtu simu tunafanya jambo ambalo hulioni kwenye tangazo la kazi: tunamtafuta mtandaoni.

Watu hudhani tunatafuta picha za baa. Sijawahi kuona mtu akikosa kazi kwetu kwa sababu alipiga picha ufukweni na bia mkononi. Tunaangalia anavyoongea akikasirika. Kuna mwombaji mmoja alikuwa na vyeti vizuri kuliko wenzake wote, ila ukurasa wake ulijaa vita na mwajiri wake wa zamani, na katikati ya hasira zake ameanika wateja wa watu, nani anadaiwa na kiasi gani. Huenda madai yake yalikuwa ya kweli. Lakini sisi nasi tuna wateja, na jina lake halikujadiliwa kwa muda mrefu.

Hao ni wachache, lakini. Wengi tukiwatafuta hatukuti kitu, au tunakuta akaunti ya jina la utani yenye picha ya ua. Hapo ndipo vijana wengi wanapojiona wako salama, na ndipo ninapobishana nao. Mtu asiye na kitu mtandaoni anabaki na karatasi zake tu, sawa na za wenzake mia.

Dada mmoja aliomba nafasi ya uhasibu. Tulipoandika jina lake tukakuta kwenye kundi la wafanyabiashara la Facebook amekuwa akijibu maswali ya watu bure. Mtu anauliza, mwezi huu sijauza chochote, kwa nini nipeleke ritani ya VAT, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani? Anamjibu, "Kaka, ukishasajiliwa unapeleka hata kama ni sifuri," kisha anamwelekeza hatua kwa hatua. Mahali pengine mtu alimsahihisha, tena kwa kejeli. Akaandika, "Uko sahihi, nimerekebisha hapo juu, asante." Mimi jibu hilo lilinishawishi kuliko shahada yake. Tulimwita, na mpaka leo tuko naye.

Kwa hiyo ukiniuliza pa kuanzia, anza kwa kujitafuta mwenyewe. Fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari, andika majina yako ndani ya alama za nukuu, kisha yapange upya, maana wengine huanza na la ukoo. Usiishie kwenye jina. Chukua simu ya mtu asiye na namba yako, aihifadhi, aone WhatsApp yako inamwonyesha picha gani na maneno gani. Namba ndiyo iliyo kwenye barua yako ya maombi, na sisi tunaihifadhi ili tukupigie. Wenye Truecaller, programu inayoonyesha jina la mwenye namba hata kama hujaihifadhi, nao wataona jina ulilopewa na watu waliokuhifadhi. Nimewahi kuona namba ya mwombaji ikija na neno "tapeli" mbele ya jina lake. Ukikuta kitu cha namna hiyo, programu yenyewe inaruhusu kuomba jina lirekebishwe.

Kusafisha ya nyuma si kazi ya kukesha. Mipangilio ya faragha ya Facebook ina sehemu ya kugeuza posti zote za zamani zilizokuwa wazi kwa kila mtu zionekane na marafiki tu. Ya WhatsApp ni magumu zaidi. Ujumbe unaweza kuufuta kwa wote ndani ya siku mbili hivi, lakini kama kuna mtu ameshapiga skrinshoti, umechelewa. Na tahadhari na yale ya "nimetuma kama nilivyopokea" kwenye kundi la ukoo. Kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinahusu kuchapisha taarifa za uongo ukijua ni za uongo kwa nia ya kuchafua jina, kutisha, kutukana au kupotosha umma, na adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Ni hela nyingi kwa habari ambayo hata hukuitunga wewe.

Wenye ndoto ya kusoma Marekani wana sababu nyingine. Tangu 2019 fomu ya viza inauliza akaunti zako za mitandao ya miaka mitano iliyopita, na mwaka 2025 waombaji wa viza za wanafunzi wakaanza kutakiwa kuziacha wazi zikaguliwe.

Baada ya kusafisha, weka kitu. Si lazima kiwe maneno mengi. Fundi wa Keko aliyenitengenezea kabati huweka picha za mbao kabla na baada, anataja ni mninga au mkongo, na mteja akilalamika droo inakwama hafuti maoni, anauliza aje lini kuirekebisha. Mimi nilimpata kupitia lalamiko kama hilo. Muuguzi anaweza kueleza namna ya kutunza kidonda. Mwalimu anaweza kuweka swali moja la hesabu kwa wiki na jibu lake. Picha za wanafunzi wenye sare na nembo ya shule aziache, hao hawajaulizwa.

Na tumia majina yale yale kila mahali, kama yalivyo kwenye kitambulisho chako cha NIDA, hasa kama unaitwa Juma Hamisi, maana wenzako ni wengi na mmojawapo huenda anadaiwa. Barua pepe pia. Ile ya "mtotomzuri" uliyofungua kidato cha pili ibaki ya kuingilia kwenye magemu.