Ukitaka mapishi ya bibi, nenda ukasimame naye jikoni

Mapishi ya kwanza niliyokusanya niliyachukua kwa simu. Nilimpigia bibi nikamwomba mkate wake, akanitajia kila kitu bila kinyongo: unga, hamira, sukari kidogo, chumvi, mafuta, "na maji mpaka unga ukubali." Nikaandika, nikachapisha kwenye karatasi nzuri, nikawagawia ndugu zangu zawadi. Baada ya wiki mbili dada akanipigia. Mkate wake ulitoka mzito, na ndani una matundu makubwa makubwa. Nikaupika na mimi, yaleyale.

Bibi hakuwa amenificha kitu. Niliyajua hayo siku nilipokwenda kusimama naye. Unga ulipoumuka, aliukandamiza kwa ngumi hewa ikatoka, akauviringa, akaufunika tena, kisha akageukia beseni la vyombo. Nikamuuliza, bibi, mbona huupeleki motoni? Akashangaa. "Si naosha vyombo, mjukuu wangu?" Unga ulikuwa unaumuka mara ya pili, lakini kwake yeye huo ulikuwa tu wakati wa kuosha vyombo. Nilitazama saa: dakika 40. Angenitajiaje kwa simu hatua ambayo mwenyewe hajawahi kuihesabu?

Ndiyo maana nakusihi, kama unataka kuwatunzia wenzako mapishi ya nyumbani, usianze na kalamu. Anza na macho. Mwombe apike kama siku zote, wewe mpe mkono kwenye kazi ndogondogo na umtazame.

Usimpe kikombe cha kupimia. Ukimpa, mkono wake unabadilika na anaanza kupika kwa adabu ya mgeni. Tumia mizani. Pima mkebe wa unga kabla hajaanza, upime tena akimaliza. Kilichopungua ndicho alichotumia. Fanya hivyo kwa chumvi, sukari, mafuta, hata jagi la maji. Konzi ya bibi ilikuwa gramu 45 za unga, yangu 60. Ningeandika "konzi mbili" tu, tungekuwa na mikate miwili tofauti.

Andika gramu hata kama mpishi wako anahesabu kwa vikombe. Kikombe kimoja cha unga kinaweza kuwa na gramu 120 ukiutia polepole kwa kijiko, au 150 ukichota kwa kushindilia. Vijiko havina shida sana: cha chai ni mililita 5, cha chakula 15. Kama ndugu zako wametawanyika nchi mbalimbali, andika joto la oveni kwa namna zote mbili, maana Selsiasi 180 ni kama Farenhaiti 350.

Lakini gramu zisifute maneno yake. Bibi alisema unga ukandwe "mpaka uwe kama ndewe ya sikio," akanishika sikio langu kunionyesha. Hakuna dakika zinazoeleza vizuri zaidi ya hapo, kwa hiyo nimeyaacha maneno yake kama yalivyo. Rekodi sauti pia, ukiomba ruhusa. Mengi utayasikia ukirudia kusikiliza usiku.

Ukishaandika, mpe mtu ambaye hajawahi kupika chakula hicho, akae jikoni na karatasi peke yake, wewe ufunge mdomo. Kila swali atakalouliza ni sentensi uliyoisahau.

Kama umebahatika kupata karatasi zenye mwandiko wa wazee, zipige picha vizuri leo hii, na picha uziweke mahali zaidi ya pamoja. Karatasi zenyewe usizibandike selotepu, inageuka njano na gundi yake inaharibu. Wala usizipeleke kufungwa kwa plastiki ya moto. Ikishashika haitoki tena. Ziweke kwenye bahasha isiyo na asidi, pakavu, mbali na jua. Nakala za zawadi ni jambo jingine, hizo zitamwagikiwa mafuta na maji, na ndivyo inavyotakiwa. Zangu za mwanzo nilizitoa kwa printa ya wino wa maji, tone moja tu likafuta kipimo cha chumvi. Siku hizi nachapisha kwa printa ya leza.

Kabla hujagawa, muulize kila mwenye mapishi yafike wapi. Shangazi alinipa mchuzi wake kwa sharti usitoke nje ya ukoo. Nakala za marafiki hazina ukurasa huo, wala simwelezi mtu kwa nini.

Na kila mapishi yaachie nusu ukurasa mtupu upande wa chini. Kwenye nakala ya dada, chini ya mkate, tayari kuna mwandiko wake: "Oveni yangu kali. Toa dakika 5 mapema."